Bata wa Norfolk Wanapofungiwa Majira ya Baridi

Katika upande wa mashariki wa Uingereza, mahali ambapo nchi hutokeza baharini kama tumbo la mtungi, uko mkoa wa Norfolk. Mtu atokaye London kwa gari moshi hufika Norwich, mji mkuu wa mkoa huo, baada ya mwendo wa saa mbili hivi. Njia nzima hatakutana na mlima wowote. Nchi ni tambarare, na hata kilima kilichowazidi wenzake kwa urefu hakipiti sana mita 100 kutoka usawa wa bahari. Mashamba ya ngano, shayiri na ile aina ya kiazi kitoacho sukari yametandazwa hadi macho yanapoishia. Makanisa ya kale, mengi yao yenye minara ya mviringo, yamejengwa kwa mawe magumu ya gumegume, kwa sababu nchi hiyo haina mawe mengine mazuri ya kujengea.

Kati ya Norwich na bahari pana maziwa madogo mengi yaitwayo Broads, yenye matete ambayo wenyeji huyakata kuezekea nyumba. Kwa muda mrefu watu walidhani maziwa hayo ni kazi ya Mungu peke yake. Katika miaka ya 1950 wataalamu walithibitisha kwamba ni mashimo yaliyochimbwa na wakulima wa zamani waliokuwa wakitafuta udongo wa kuwasha moto, kisha bahari ikapanda na kuyajaza maji. Kwa hiyo Norfolk ni nchi ambayo maji hayako mbali na mlango wa mtu, na penye maji hapakosi bata.

WAGENI WA ANGANI

Kila mwaka, mwezi wa Septemba unapokaribia kwisha, wageni huanza kuingia Norfolk kutoka Aisilandi na Greenland. Ni bata bukini wa mwitu wenye miguu ya rangi ya waridi, na hufika kwa maelfu. Usiku hulala kwenye matope ya ghuba iitwayo The Wash, ambako mbweha hawezi kuwafikia. Alfajiri huruka wote pamoja, wakijipanga angani kwa mistari mirefu, kwenda kula mabaki ya viazi vya sukari katika mashamba yaliyokwisha kuvunwa. Kelele zao husikika kijijini kabla ya jua kuchomoza. Watu husafiri kutoka miji ya mbali ili kuja kusimama gizani, katika baridi kali, na kuwatazama tu.

Bata bukini wa kufugwa nao huwasikia. Walioko chini huinua shingo na kuwaitikia walioko juu, kama ndugu wanaosalimiana ng'ambo na ng'ambo ya mto. Zamani mfugaji alifurahi kuyasikia maongezi hayo. Siku hizi huyasikia akiwa na wasiwasi moyoni.

KAZI YA TANGU ENZI

Ufugaji wa ndege katika mkoa huu ni wa kale. Mwandishi Daniel Defoe, katika kitabu chake cha safari kilichoanza kutoka mwaka 1724, alieleza jinsi bata mzinga na bata bukini wa Norfolk na Suffolk walivyokuwa wakiswagwa kwa miguu hadi London, makundi kwa makundi, kila kundi likiwa na mamia ya ndege. Safari ilianza Agosti, wakati mavuno yanapomalizika, ili ndege wapate kuokota punje mashambani njiani. Mwisho wa Oktoba safari zilikoma. Sababu yake ni matope: barabara zilikuwa zimelainika mno, na ndege wenye miguu mipana na mifupi hawakuweza tena kutembea.

Tangu wakati huo, basi, watu wa Norfolk walijua kwamba adui wa bata katika majira ya baridi si baridi yenyewe. Bata amevikwa manyoya ya ndani yaliyo laini kuliko pamba, na yale yale ambayo binadamu hujazia mito na mablanketi ya thamani. Huweza kulala juu ya theluji asidhurike. Kinachomwangusha ni matope, uchafu na unyevu usiokauka.

AMRI YA KUFUNGIA

Jambo lililobadili maisha ya wafugaji hao ni mafua ya ndege. Virusi vya ugonjwa huo hubebwa na ndege wa majini wanaosafiri, hutoka pamoja na kinyesi chao, na huweza kuishi muda mrefu katika maji baridi. Ndege wa mwitu akidondosha kinyesi katika kidimbwi cha mfugaji, msiba umekwisha kuingia uani.

Ugonjwa huu hauna mipaka. Katika majira ya baridi ya mwaka 2016 na 2017 serikali ya Uingereza iliwaamuru wafugaji kuwaweka ndege wao ndani. Januari hiyo hiyo ya 2017 mafua ya ndege yaligunduliwa nchini Uganda, kwenye mwambao wa Ziwa Victoria, yakiwa yameua ndege wa mwitu na baadhi ya kuku na bata wa wananchi.

Mwaka 2022 ulikuwa mzito zaidi. Amri ya kuwafungia ndege wote ilianza tarehe 12 Oktoba katika Norfolk, Suffolk na sehemu za Essex, kwa kuwa huko ndiko ugonjwa ulikokuwa umepamba moto. Tarehe 7 Novemba ikaenea Uingereza nzima, na haikuondolewa hadi tarehe 18 Aprili 2023. Kundi likigunduliwa kuwa na ugonjwa, ndege wote waliosalia huuawa, wazima kwa wagonjwa. Huwekwa mpaka wa kilomita 3 kuzunguka mahali hapo, na mwingine wa kilomita 10, ambamo usafirishaji wa ndege huzuiwa. Chanjo, ambayo Ufaransa ilianza kuwapa bata wa mashamba makubwa Oktoba 2023, mfugaji wa kawaida wa Uingereza haruhusiwi kuitumia.

Hivyo ndivyo bata na bata bukini, viumbe wa maji na majani, walivyojikuta ndani ya mabanda kwa miezi sita. Aliye na bata elfu nyingi ana majengo, mitambo na vibarua. Mwenye taabu ni yule mwenye bata bukini wanane na bata kumi na wawili nyuma ya nyumba, ambaye banda lake lilijengwa kwa ajili ya kulala usiku tu. Kwake kazi ya majira ya baridi ni moja: kuwaweka ndege safi na wakavu, ndani ya nyumba ambayo wao wenyewe hawaachi kuilowesha.

MAJI YA KUNYWA NA MAJI YA KUOGA

Kuku akinywa maji huchukua tone na kuinua kichwa. Bata hanywi hivyo. Huzamisha mdomo, huusukasuka, hupuliza maji puani, kisha hutikisa kichwa na kurusha matone pande zote. Kinyesi chake nacho ni maji sehemu kubwa. Bata kumi katika chumba kimoja, wakiachiwa beseni katikati ya sakafu, huweza kukigeuza chumba hicho kuwa kinamasi kabla ya jioni.

Mfugaji mgeni, akiona hivyo, hufikiri dawa ni kuwapunguzia maji. Hilo ni kosa kubwa. Bata asiyeweza kuzamisha kichwa chake chote hushindwa kusafisha macho na pua, na baada ya siku chache macho yake huota ukoko na kuvimba. Tena kuna jambo la ajabu zaidi: bata hukauka kwa sababu ya maji. Juu ya mkia wake pana tezi ndogo itoayo mafuta. Anapooga na kujichambua huchukua mafuta hayo kwa mdomo na kuyapaka mwilini, huku akizipanga nyuzi ndogondogo za kila unyoya zishikane, kama ukindu katika mkeka uliosukwa vizuri. Maji yakidondoka juu yake huteleza. Lakini bata asiyeoga kwa majuma mengi huganda uchafu, nyuzi zake huachana, na maji huanza kupenya hadi kwenye ngozi. Hapo ndipo ile baridi ambayo haikumtisha kitu huweza kumwua.

Kwa hiyo wafugaji wazoefu wa Norfolk hawapunguzi maji, bali huyatafutia mahali pake. Banda hugawanywa sehemu mbili: upande mmoja wa maji na upande mmoja wa kulala, na chakula huwekwa katikati au karibu na upande wa maji. Upande wa maji huchimbwa shimo la kina kifupi na kujazwa kokoto. Juu ya kokoto huwekwa fremu imara ya mbao iliyowambwa wavu wa chuma, na juu ya wavu ndipo chombo cha maji husimama. Matone yote hupenya waya, hupita katika kokoto, na kutoka nje kwa mtaro. Ndege husimama juu ya wavu kunywa, na hata miguu yao huchuja maji kabla hawajarudi kwenye malazi. Penye sakafu ya saruji, mteremko mdogo wa kuelekea mlangoni hufanya kazi ile ile.

Chombo cha kunywea huwa na kina cha kutosha kuzamisha kichwa, lakini mdomo wake ni mwembamba kiasi ambacho bata hawezi kuingia mzima mzima. Karai la kuogea huletwa mara chache kwa juma, huwekwa juu ya fremu hiyo hiyo, na huondolewa bata wote wakisha kupata zamu. Wakati wa kuoga ni asubuhi, kamwe si jioni, ili ndege wapate mchana kutwa wa kujichambua na kukauka. Na mchana wenyewe ni mfupi: mwezi wa Desemba jua la Norfolk huchomoza kama saa mbili asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi alasiri.

Alfajiri zenye sakitu maji hukutwa yameganda. Ndoo za mpira hupendwa kuliko za chuma, kwa kuwa hupigwa chini na barafu ikabanduka bila ndoo kupasuka. Maji hayo ni ya bomba, si ya kidimbwi wala ya mfereji, kwa sababu ambayo kila mfugaji anaijua.

SAKAFU NA MALAZI

Norfolk ni nchi ya ngano, na mabua ya ngano hayakosekani. Hayo ndiyo malazi ya kawaida, ama yenyewe au pamoja na maranda ya mbao. Huanza kutandikwa kina cha shibiri moja. Kila siku mfugaji huzunguka na uma wa shamba: palipolowa hapageuzwi wala kufunikwa, bali huondolewa kwa toroli, na mabua mapya makavu hutandazwa juu ya yaliyobaki. Kazi hiyo ikifanywa kila asubuhi huchukua muda mfupi. Ikiachwa siku tatu huwa kazi ya kutwa, na ikiachwa juma zima banda hulazimika kuvuliwa lote hadi sakafuni. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kuna kipimo rahisi ambacho hakihitaji chombo chochote. Mfugaji huteka malazi kwa mkono na kuyafumbata. Akifumbua kiganja na yakaachana, hali ni njema. Yakibaki yameshikana kama tonge, yameanza kulowa. Yakitoka maji, amechelewa.

Mabua yenyewe lazima yawe makavu na yasiwe na ukungu. Bata na bata bukini ni dhaifu sana mbele ya ukungu. Vumbi lake huingia mapafuni na kumwua ndege taratibu, akihema kwa kinywa wazi. Ndiyo maana majani makavu ya malisho, ambayo huota ukungu upesi yakipata unyevu, hayapendwi kuwa malazi. Tena robota za mabua huwekwa chini ya paa na kufunikwa, maana zikiachwa nje ndege wa mwitu huzichafua, na mfugaji atakuwa amebeba ugonjwa kwa mikono yake na kuwatandikia ndege wake wenyewe.

Miguu nayo hutazamwa. Ndege mzito akisimama muda mrefu juu ya sakafu ngumu yenye maji, nyayo hupasuka, uchafu huingia, na vidonda vyenye usaha huota chini ya unyayo. Mfugaji mwangalifu humkamata kila ndege mara kwa mara, akampindua na kumkagua nyayo, macho, pua na manyoya ya tumboni. Tumbo lililolowa na kuchafuka hueleza habari zote za banda.

HEWA

Kosa la pili la mgeni ni kuziba kila tundu ili ndege wapate joto. Pumzi za ndege na mvuke wa malazi hupanda, hukutana na bati baridi, hugeuka matone, na mvua huanza kunyesha ndani ya nyumba. Mkojo na kinyesi hutoa hewa ya amonia ambayo huchoma macho na mapafu. Binadamu aliyesimama huweza asiisikie, kwa kuwa kichwa chake kiko juu. Wazee wa kazi hii hupiga magoti, wakaweka nyuso zao usawa wa kichwa cha bata, na kukaa hivyo kwa muda wa dakika moja. Macho yakiwasha, malazi hubadilishwa siku hiyo hiyo.

Banda zuri, kwa hiyo, lina nafasi za hewa juu ya vichwa vya ndege, na kuta zisizopitisha upepo chini walalapo. Nafasi hizo huwambwa wavu ambao tundu zake hazizidi milimita 25, hata shomoro asiweze kuingia.

HUZUNI YA BATA BUKINI

Bata hulizoea banda kuliko bata bukini. Bata bukini ni mlaji wa majani kama ng'ombe. Mchana wake wote ni wa kuchunga. Akifungiwa bila kazi huanza kupiga kelele, kugombana, na hata kunyonyoa manyoya ya wenzake. Hapo usafi huharibika kwa njia nyingine, maana ndege aliyenyonyolewa hana tena koti la mvua.

Wafugaji humtafutia shughuli. Kabichi na sukuma wiki hufungwa kamba na kuning'inizwa usawa wa vichwa, wakayadonoa mchana kutwa. Nafaka hutawanywa katika mabua makavu ili waitafute wenyewe. Wenye uwezo huongeza mbele ya banda uwanja mdogo wenye wavu pembeni na paa gumu juu, ndege wakapata mwanga na nafasi.

Watu wa mjini huweza kuuliza kwa nini mtu ajisumbue hivyo kwa ajili ya ndege wanane. Wapo waliojiuliza wenyewe na kuacha kufuga. Lakini bata bukini si kuku wa msimu mmoja. Huweza kuishi zaidi ya miaka ishirini, na dume na jike hushikamana kwa miaka mingi. Katika nyumba nyingi wamewakuta watoto wakizaliwa na kuwaona wakienda shule. Mfugaji ajuaye kwamba ndege mmoja tu akiambukizwa wote watauawa, hahesabu thamani yao kwa kilo za nyama.

VIATU MLANGONI

Mlangoni pa banda hukaa beseni la dawa ya kuua viini na jozi ya mabuti ambayo hayatoki nje ya banda. Aingiaye huvua viatu vya nje, huvaa vya ndani, huchovya, ndipo aingie. Wengine hufanya hivyo mara nne kwa siku, gizani, mikono ikiwa imekufa ganzi. Samadi hurundikwa mbali na kufunikwa, ikachemka kwa joto lake yenyewe kabla ya kwenda shambani. Na tangu tarehe 1 Oktoba 2024 kila mfugaji wa Uingereza, hata mwenye bata mmoja, hupaswa kuandikishwa serikalini, ili habari ya hatari imfikie upesi.

Amri ilipoondolewa Aprili 2023 milango ilifunguliwa. Bata hukimbilia maji kwa makelele, wakazama na kuibuka. Bata bukini hutoka polepole zaidi, husimama kwanza, kisha huinamisha shingo na kuanza kula majani kana kwamba hawakuwahi kuondoka. Kufikia wakati huo wageni wa Aisilandi huwa wamekwisha kurudi kwao. Lakini Desemba 2024 amri ya kufungia ilirudi tena Norfolk na kudumu hadi Mei 2025. Mwenye fremu yake ya mbao, kokoto zake na mabua yake chini ya paa hakubabaika.

Afrika ya Mashariki haina theluji, lakini ina masika. Bata wengi hufa katika mabanda yetu wakati wa mvua, na lawama hupewa baridi. Huenda ikafaa kwanza kupiga magoti mlangoni, kunusa, na kufumbata yale malazi.